Chris McCausland alishinda kwa miguu yake, si kwa huruma ya watu

#1 Fundi wa Kikwajuni (mwenye uzi)

Assalaam aleykum jamani.

Kila Strictly Come Dancing inapotajwa humu, hakosi mtu wa kusema kwamba mshindi wa 2024, Chris McCausland, yule mchekeshaji asiyeona, alibebwa na huruma ya Waingereza. Neno hilo nimelisikia barazani, nimelisoma kwenye magrupu, na juzi kalisema mteja aliyekuja kuchukua nguo yake, kasimama mlangoni pangu hata hajalipa. Leo nalijibu kwa kirefu, maana naona anadhulumiwa mtu aliyefanya kazi.

Kwa wasioyafuata: mashindano haya yalianza BBC mwaka 2004. Mtu maarufu, awe mwigizaji, mwanamichezo, mtangazaji au mwanasiasa, anapewa mcheza dansi wa kulipwa wa kumfundisha na kucheza naye. Kila Jumamosi wanatoka na dansi jengine. Wiki hii walzi, wiki ijayo samba, kisha tango, foksitroti, rumba, mpaka ifike Disemba. Majaji ni wanne na kila mmoja ana alama kumi, kwa hiyo ukizipata zote ni arubaini. Watazamaji nao wanapiga kura. Marekani wana lao tangu 2005, Dancing with the Stars, na nchi nyingi zimenunua mtindo huohuo, Afrika Kusini ikiwemo. Sisi huku tunaangalia kwa dishi au kwa vipande vya YouTube, Jumamosi baada ya isha, na kura hatuna, kwani inapigwa na walioko Uingereza tu. Tulichonacho ni macho na maoni yetu.

Sasa hoja yangu. Huruma inamfikisha mtu wiki mbili tatu. Mashindano yanaanza Septemba na kila wiki mmoja anafungashwa. Mtu anayehurumiwa hupewa kura ya kufarijiwa, halafu watu wakarudi kwa wanayempenda. Chris alikaa mpaka usiku wa mwisho, na kila wiki alikuwa na kitu kipya mwilini.

Mie nashona nguo za harusi. Kazi yangu ni kutazama mabega na viuno vya watu, basi na dansi nalitazama hivyo hivyo. Mtazameni wiki za mwanzo, mabega yamepanda, mikono imekaza, kila hatua anaipima. Kisha mrudie kwenye walzi yake. Walzi inakwenda kwa mapigo matatu, mwili unapanda na kushuka, na mwanamme ndiye anayebeba umbo lote la wawili wale kwa mikono yake. Kiwiko cha kushoto kikishuka vidole viwili tu, mwanamke anapoteza nafasi ya kuegemea nyuma na dansi zima linaporomoka. Kiwiko cha Chris hakikushuka. Nimerudia kipande kile mara nyingi nikiangalia bega moja tu. Mwenzake, Dianne Buswell, shingo yake imenyooka, mgongo umepinda kwa raha, maana yake anamwamini aliyemshika. Hayo huyapati kwa huruma, unayapata kwa kurudia mpaka mkono unakufa ganzi.

Anayepinga aje na hoja. Nipo.

#2 Mtu wa Wete

Waaleykum salaam Bi Fundi, na heshima yako. Lakini mie nipo upande ule unaoukataa na sioni haya kusema.

Fainali ya 2024 walikuwa wanne: Chris, Sarah Hadland, JB Gill na Tasha Ghouri. Ukizikusanya alama za majaji usiku ule, Chris ndiye wa chini. Majaji wale dansi ndiyo kazi waliyoifanya umri wao mzima. Shirley Ballas ameanza kushindana tangu utotoni, Motsi Mabuse na Anton Du Beke vilevile wametoka huko huko kwenye mashindano. Wanne wote wakisema hawa watatu wamecheza vizuri zaidi, kisha kombe analipata wa nne, mie nauliza majaji wamewekwa wa nini?

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2008 alikuwepo John Sergeant, mwandishi wa habari za siasa. Kwenye paso doble alimburura mwenzake sakafuni. Majaji walikuwa wakimpa alama za mkiani wiki baada ya wiki na watu wanamrudisha. Mwisho akajitoa mwenyewe mwezi wa Novemba, akasema ipo hatari ya kweli kwamba atashinda. Mwaka 2010 akaja Ann Widdecombe, mbunge mstaafu, akasukumwasukumwa na Anton Du Beke ukumbini, naye akapita wiki chungu nzima huku vijana wanaojua dansi wanarudi kwao.

Kwa hiyo usinambie watazamaji wana jicho. Watazamaji wana moyo. Moyo ni kitu kizuri lakini haujui foksitroti.

#3 Hesabu za Chake

Kaka wa Wete umesema vizuri, ila tuweke sawa namna kura inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani alama za majaji zinajumlishwa moja kwa moja na kura za watu. Sivyo.

Majaji wakishatoa alama, jozi zinapangwa kwa nafasi. Zikiwa jozi kumi, ya kwanza inapata pointi 10, ya pili 9, mpaka ya mwisho pointi 1. Kura za watu zinapangwa hivyo hivyo, kisha zinajumlishwa. Wawili wa chini wanacheza tena na majaji ndio wanaoamua nani abaki. Maana yake, mtu dhaifu akiangukia mbili za chini, majaji wanammaliza palepale. Chris alikuwa anapaswa kukwepa shimo hilo wiki zote. Fainali ndiyo pekee ambapo alama za majaji ni mwongozo tu na kombe linatolewa kwa kura za watu peke yake.

Na kwa kuwa umeutaja mwaka 2008, kuna hesabu moja ya mwaka huo ambayo mie huwasomesha wanafunzi. Nusu fainali walibaki watatu: Rachel Stevens, Lisa Snowdon na Tom Chambers. Rachel na Lisa wakalingana juu kwa majaji, wote wakapata pointi 3. Tom akabaki na 1. Sasa mpe Tom kura nyingi kuliko wote, anaongeza 3, anakuwa na 4. Wale wawili wanagawana 2 na 1, mmoja anafika 5, mwengine 4. Aliyesalimika ni mmoja tu, mwenye 5. Yaani Tom, hata taifa zima limpigie kura, hawezi kukwepa wawili wa chini. Watu wameshaanza kupiga simu ndipo hesabu hii ikaonekana! Wakalazimika kuwapitisha wote watatu. Na fainali aliyeshinda ni Tom.

Naipenda hesabu hii kwa sababu inaonyesha kwamba kanuni yenyewe ina uzito wake, kabla hujafika kwenye moyo wala jicho.

#4 Kijana wa Jang'ombe

Mie nilianza kuangalia 2022 kwa sababu ya Hamza Yassin. Mpiga picha za wanyama, mzaliwa wa Sudan, jitu zima, kifua kama mlango. Siku ya kwanza nikasema huyu atatolewa mapema. Wallahi, ikaja salsa! Akamnyanyua Jowita Przystał, akamzungusha shingoni, akamteremsha upande wa pili, na uso wake unacheka muda wote. Sijawahi kuona mtu mzito anayetua mwepesi vile.

Pale maskani kwetu hakuna aliyekuwa akijua salsa, lakini wote walinyamaza. Hamza naye hakuwa mcheza dansi, na alishinda. Kwa hiyo mie na Fundi. Raha ya kitu hichi ni kumuona mtu hajui, kisha anajua.

Wanaokuja wameshasoma dansi mie hawanipi chochote. Mwaka 2023 alikuwepo Layton Williams, kijana ana kipaji kikubwa, lakini amekulia majukwaani London akiimba na kucheza. Alifika fainali, akashinda Ellie Leach. Watu walisema ameonewa. Mie nasema watazamaji walitaka safari.

#5 Mtu wa Wete

Kijana, hapo ndipo mnaponikwaza. Layton alifanya kosa gani, kujua? Mtu amejinyima tangu mdogo akajifunza, leo ujuzi wake unakuwa aibu? Kama mnataka safari basi wawachukue wasiojua peke yao na watangaze hivyo. Wakishamruhusu kuingia, ahukumiwe kwa anachokifanya sakafuni.

#6 Mwalimu Mstaafu, Mpendae

Wanangu, nimesomesha miaka mingi na darasani kwangu wamepita watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Nataka niseme jambo moja ambalo wote mmelipita.

Dansi linafundishwa kwa macho. Mwalimu anasimama mbele, anafanya, wewe unamuiga. Kuna vioo ukutani. Ukikosea unajiona. Sasa mtoeni mtu macho. Chris alipoteza uoni kidogo kidogo kwa ugonjwa wa kurithi wa retina. Huwezi kumwambia "tazama ninavyofanya". Dianne ilimbidi atumie maneno na mikono. Anamuelezea umbo, anamshikisha mguu wake ausikie unavyokwenda, anamuwekea mkono mahali pake. Mtoto asiyeona nilikuwa nikimfundisha kuandika herufi kwa kumshika mkono, na najua kazi ile ilivyo. Herufi moja inakula asubuhi nzima. Hawa kila wiki walikuwa na dansi zima jipya, dakika moja na nusu, na Jumamosi ikifika hakuna kusema bado.

Halafu muangalie aina ya dansi. Walzi na foksitroti mmeshikana muda wote, mwili unazungumza na mwili, hapo asiyeona ana njia ya kujua mwenzake yuko wapi. Lakini chachacha, jaivu na samba mnaachana. Unacheza peke yako hatua nne tano, unageuka, na lazima umkute pale pale ulipomuacha, huku muziki unakimbia, taa na makelele ya watu juu. Mwenye macho anageuza shingo tu. Chris alikuwa akienda kwa hesabu ya kichwani na kuamini kwamba mkono utakuwepo. Na ulikuwepo.

Majaji walipompa alama ndogo kidogo kuliko wenzake, walikuwa wanahukumu miguu na vidole, ndiyo kazi yao. Watazamaji walihukumu kazi nzima. Sioni ugomvi baina ya viwili hivyo.

#7 Mzee wa Mkunazini

Mimi nawasoma tu tangu juu. Nyote mmejadili alama na kura, hakuna aliyeuliza kama kitu chenyewe kinafaa kuangaliwa sebuleni kwa Muislamu. Mwanamme na mwanamke si maharimu wamekumbatiana, mwanamke yuko nusu uchi, na familia imekaa inapiga makofi. Bi Fundi, wewe ni mama wa watu. Nakuuliza kwa adabu.

#8 Fundi wa Kikwajuni

Mzee wangu, shikamoo, na umeuliza kwa adabu nami nakujibu kwa adabu.

Kwangu mie naangalia na mama yangu. Rumba ikija na zile nguo za nyuzi mbili, mama mwenyewe ndiye anayesema badilisha, tunabadilisha. Siwezi kukwambia kila kinachoonyeshwa mle ni cha kuangaliwa. Yapo ya kuachwa na tunayaacha. Lakini pia ipo walzi ambayo mwanamke amevaa gauni la mikono mirefu mpaka chini ya kifundo cha mguu, na mie kama mshonaji najifunza pale. Koti la mwanamme la dansi la ukumbini linakatwa mikono ikiwa imeinuliwa, ndiyo maana akimshika mwenzake bega halipandi masikioni. Akishusha mikono linakaa vibaya, na hilo halina neno, kwa kuwa halikushonwa la kusimama. Tangu nimelijua hilo nimebadilisha namna ninavyokata kwapa la koti la bwana harusi, maana bwana harusi naye siku ile anakumbatiwa na watu toka asubuhi mpaka usiku.

Kila nyumba na mipaka yake, mzee wangu. Sikushurutishi wala sikuhukumu.

Kaka wa Wete, nakuja kwako. Umewaweka Sergeant, Widdecombe na Chris kapu moja. Ann Widdecombe alitolewa kabla ya nusu fainali. Kura za kuchekesha zilimalizika, kama nilivyosema. Sergeant hakusubiri kuona zake zingemalizika lini. Hawa wawili wiki ya kwanza na wiki ya mwisho walikuwa walewale. Bill Bailey naye ni mchekeshaji, aliingia 2020 watu wakadhani ni Sergeant mwengine, akashinda akiwa na umri wa miaka 55 kwa sababu alijifunza, tena na mwalimu wake, Oti Mabuse, ambaye hamuachii mtu apumzike. Watazamaji walimuacha Widdecombe na wakamshika Bailey. Huo moyo unaousema mbona unajua kuchagua?

Na nikuulize kitu cha hapa kwetu. Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliimba mpaka uzeeni kabisa. Sauti imekwaruza, pumzi inakatika katikati ya ubeti, fidla zinamsubiri. Watu walikuwa wanainuka na kwenda kumtunza mpaka noti zinadondoka. Wapo waliokuwa na sauti laini kuliko yake jukwaani palepale. Nani alisema pale kwamba Bi Kidude anahurumiwa? Watu walikuwa wanasikia kitu ambacho mizani ya sauti peke yake haikipimi. Dansi nalo lina kitu hicho.

#9 Dada wa Mlandege

Fundi umenigusa ulipomtaja Bi Kidude.

Nataka niongeze Rose Ayling-Ellis, 2021, mwigizaji kiziwi, wa kwanza kiziwi kwenye mashindano yale, na alishinda pamoja na Giovanni Pernice. Kuna dansi lao moja, katikati muziki unakatwa kabisa. Kimya. Wao wanaendelea kucheza mapigo yaleyale bila ya sauti yoyote, kisha muziki unarudi na wamo ndani yake hawajapotea hata nusu hatua. Mdogo wangu haskii sikio moja. Tulipofika pale aliniangalia, akaninyooshea mkono nisiongee.

Kipande kile kilipewa tuzo ya BAFTA mwaka uliofuata kwa kura za watazamaji. Na majaji walimpa Rose alama nzuri, kwa hiyo kaka wa Wete mwaka ule majaji na watu walikubaliana. Haiwi kila mara ugomvi.

Ninachokikataa mie ni ukali wa jaji wa nne, Craig Revel Horwood. Mtu amecheza roho yake yote, yeye anasema kidole gumba kimekaa vibaya.

#10 Mtu wa Wete

Dada, Craig ndiye ninayempenda! Kidole gumba ndicho kinachokwambia kama mtu amefika kwenye ncha ya mwili wake au ameishia kwenye kiwiko. Amekuwepo tangu 2004 na hajabadilika, kumi yake ni adimu, na ndiyo maana akiitoa watu wanalia. Jaji anayempa kila mtu tisa hana faida kwa anayejifunza. Marehemu Len Goodman, jaji wa zamani, alikuwa na huruma zaidi, lakini naye alikuwa akiona mguu ulioingia ndani hakunyamaza. Kwenye foksitroti unatua kisigino kwanza ukienda mbele. Ukitua kidole, unatembea, huchezi. Hilo halina moyo ndani yake, ni kisigino tu, na kuna mtu lazima aliseme.

#11 Kijana wa Jang'ombe

Na vipi Motsi na Oti? Motsi kaingia ujaji 2019, mdogo wake Oti kashinda 2019, kashinda tena 2020. Hapo maskani kuna mtu hakubali mpaka leo, anasema dada alimbeba.

#12 Hesabu za Chake

Soma tena nilichoandika juu kuhusu fainali. Kombe linatolewa kwa kura za watu, alama za majaji hazihesabiwi. Dada yake angempa mia isingemsaidia kitu. Na jaji mmoja kati ya wanne ni vigumu kumpandisha mtu nafasi tatu bila ya wenzake.

#13 Babu wa Vikokotoni

Mzee mwenzangu wa Mkunazini, nakuheshimu, lakini tusiwafanye vijana wadhani kitu hichi kimeshuka jana kwa dishi. Pwani hii ya Afrika Mashariki watu walicheza beni na mabaragumu yao, na tangu miaka ya 1930 vikawepo vilabu vya dansi, suti na tai, foksitroti na walzi, baadaye ikaja rumba ikameza vyote. Televisheni ya rangi hapa Unguja tuliipata mapema miaka ya sabini, tunakaa mbele ya seti ya umma mtaa mzima, na wapo waliosema maneno hayahaya unayoyasema leo.

Mie siangalii hilo la Waingereza sana, linanichosha maelezo mengi baina ya dansi na dansi. Ila nauliza, kwa nini hapa kwetu hatuna letu?

#14 Dada wa Mlandege

Babu umesema! Chukueni watu maarufu wa hapa, mchezaji mpira, mtangazaji wa redio, mwimbaji wa taarab, mpeni kila mmoja fundi wa ngoma. Wiki ya kwanza kidumbak, sanduku na fidla na vidumbaki viwili na cherewa, watu wakate viuno. Wiki ya pili beni mtaani. Hapo hakuna wa kusema ni mambo ya kizungu.

#15 Mtu wa Wete

Msisahau Pemba kama kawaida yenu. Ngoma yetu ya msewe lazima iwemo. Mtu maarufu wenu wa mjini nataka nimuone amefungwa misewe miguuni, asimame kwenye mstari na wazee wa huku wanaoucheza tangu utoto. Mguu unapiga chini na msewe unajibu, wote kwa pamoja, sauti inakuja kama bahari inavyopiga mwamba. Mmoja akichelewa nusu pigo uwanja mzima unasikia, haina haja ya jaji. Na kibati, yale majibizano ya haraka, huku unaimba na mwili unakwenda. Hapo mtajua nani anajua.

#16 Mwalimu Mstaafu, Mpendae

Na lelemama mtaihukumu vipi? Kinamama wamesimama safu, mwili umetulia, kazi yote ipo kwenye viganja na shingo. Anayetaka mtu aruke na kuzungushwa atasema hawajacheza. Pale ndipo nitakapokubaliana na kaka wa Wete kwamba tunahitaji jaji wa kutuambia tuangalie wapi. Mtazamaji wa leo hajui kiganja kizuri cha lelemama ni kipi, kwa sababu hajaonyeshwa.

#17 Fundi wa Kikwajuni

Mwalimu, hapo umelifika. Jaji mzuri anafungua macho ya anayeangalia. Mie mwenyewe kisigino cha foksitroti nimekijua kwa majaji, na kwapa la koti nimelijua kwa kuangalia sana baada ya wao kunambia mabega. Siku letu likija, nataka mezani wakae wanawake waliocheza lelemama kwa miaka, waseme kwa Kiswahili fasaha hiki kiganja kimekufa na hiki kiko hai, na waseme kwa nini.

Lakini kura ibaki kwa watu, na iwe ya kikomo. Tumeona mashindano ya kuimba ambapo mtu mwenye jamaa tajiri anatumiwa meseji mia mbili usiku mmoja. Kule Uingereza ukipiga kura mtandaoni hulipi, na akaunti moja ina kura chache tu, zikiisha zimeisha. Hiyo ndiyo tuichukue. Kila simu na kura yake, tajiri na masikini sawa. Na fainali watu waamue peke yao, kama walivyoamua 2024, na nasimama pale pale kwamba waliamua sawa.

#18 Hesabu za Chake

Mkifanya kura ya simu, mkumbuke jozi zikilingana juu. Wekeni kanuni ya kuzitenganisha kabla ya wiki ya kwanza, msingoje mpaka nusu fainali.

#19 Mzee wa Mkunazini

Msewe na lelemama nitaangalia.

#20 Mtu wa Wete

Bi Fundi, kura ya kikomo nakuunga mkono mia kwa mia. Majaji wa lelemama na msewe vilevile, na wa msewe watoke huku. Fainali ndiyo tutakapobishana. Mie nataka nusu majaji, nusu watu, mpaka usiku wa mwisho. Chris nitampa heshima yake yote, nimerudi kuitazama walzi ile baada ya kukusoma na kiwiko kweli hakikushuka. Lakini JB Gill usiku ule alicheza zaidi, na mizani yangu mie ni sakafuni.